Picha ya Mama Yako Ipo, na Ilipigwa kwa Lenzi ya Kambo

Mchumba wangu wa zamani,

Ujumbe wako umenifika. Umeniomba picha ya mama yako, kwa sababu umesikia kwa watu kwamba ninayo moja na kwamba ametoka vizuri. Ni kweli ninayo. Ni kweli ametoka vizuri, Idrisa, vizuri kuliko mtu yeyote uliyewahi kumpiga wewe. Kama nakupa au sikupi, utajua mwishoni. Kwanza utanisikiliza, kama mimi nilivyokusikiliza miaka mitatu. Na nimeiacha barua hii wazi ili waisome na wale wote wa Kibiti waliokuwa wakiniuliza "harusi lini?" huku wanaangalia pembeni.

Nakuandikia nikiwa barazani kwangu. Kwangu! Bado nikilitamka neno hili nacheka peke yangu kama mwehu. Hina ya miguuni haijafutika yote. Mume wangu, Selemani, ametoka asubuhi kwenda kazini kisha akarudi mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amesahau spana. Mara ya pili hakuwa amesahau kitu, alisimama tu akaniangalia, akasema, "Basi nimeenda," akaenda. Sikujua kama mwanamume anaweza kurudi mlangoni bila kusahau kitu. Kwako wewe sikujifunza hilo.

Unaikumbuka studio yetu? Chumba kimoja karibu na stendi ya Kibiti, pazia la bluu la picha za pasipoti, feni yenye mapanga mawili badala ya matatu. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Aliyenileta pale ni mama yako. Bi Zainabu alikuwa somo yangu kabla wewe hujanijua kwa jina. Yeye ndiye aliyeitwa kutoka Mbwera, kule ndani ya delta, kuja kunifunda nilipovunja ungo. Akaniogesha, akanionya, akanicheka, akanifundisha kukaa. Baadaye akasema nina akili ya kazi, twende kwa mwanawe akanionyeshe kamera. Mengine tuliyafanya wenyewe, wewe na mimi, na yeye akafurahi, kwa kuwa mwali wake angekuwa mkwewe.

Ukanunua ile kamera ya fulfremu, yenye kibamba kikubwa cha kunasia mwanga ndani, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Ilikuja na lenzi moja kongwe yenye ukungu ndani, picha zake zote zilikuwa kama zimepigwa kupitia glasi ya maziwa. Ikabidi itafutwe lenzi nyingine, ya kuvuta, ya kupigia watu karibu na mbali bila kuhama uliposimama. Dukani wakakuambia ziko mbili zinazofaa. Moja imetengenezwa na kampuni ile ile iliyotengeneza kamera. Nyingine ni ya kampuni tofauti, ambayo kazi yake ni kutengeneza lenzi za kufunga kwenye kamera za wenzao. Zote mbili zinafungua tundu kubwa, zote zinafaa kwenye giza. Ya pili bei yake haifiki nusu ya ile ya kwanza.

Hiyo ya pili wewe ukaipa jina. Lenzi ya kambo.

"Mwili na lenzi vizaliwe tumbo moja, Tatu," ulikuwa ukisema, kidole juu. "Ya kambo itakula na wewe leo, kesho itakutupa."

Nilikuwa nakupenda, nikaona umesema jambo kubwa. Sasa naona aibu kwa niaba ya masikio yangu.

Kwa hiyo tukasubiri ile ya kampuni. Na vikasubiri vitu viwili pamoja nasi: harusi yetu na picha ya mama yako. Uliapa kwamba hutapiga kitu cha maana kwa ile lenzi ya ukungu. Mabibi harusi wa watu uliwapiga kwa ukungu huo huo na wakalipa, ila mama yako alikuwa wa maana mno, akaachwa.

Nitakukumbusha siku moja tu. Mama alikuja kutoka Mbwera siku ya soko, kavaa doti mpya ya kanga, harufu ya duka haijamtoka. Akaketi kwenye kile kiti cha pasipoti, akaweka mikono magotini.

"Haya, Baba, nipige. Leo nimejipara."

"Subiri, Mama. Nikipata lenzi yangu nitakupiga mpaka uhesabu kope zako."

"Kope za nini, mtoto weye? Miye nataka uso tu."

"Uso kwa lenzi hii utatoka kama uji."

"Basi nipige uji huo huo, ntaukoroga mwenyewe."

Tulicheka wote watatu. Wewe ulicheka zaidi, ukamshika bega, ukamwinua kwenye kiti. Mteja wa pasipoti akakaa mahali pake. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari la Nyamisati. Njiani akajitazama kwenye kioo cha duka la simu, akairekebisha kanga yake kichwani, akaniambia, "Kanga hii nikiifua mara moja tu haitakuwa hii." Nilikuambia maneno hayo jioni ile. Ulikuwa unasoma kwenye simu watu wanavyobishana kuhusu vioo vya lenzi. Ukasema, "Mm."

Unamkumbuka na yule mpiga picha kutoka Dar, aliyepita kwetu akielekea Mohoro kwenye harusi? Begini mwake alikuwa nazo zote mbili, ya kampuni na ya kambo. Akatuachia tuzijaribu wakati yeye anakula wali kwa mama ntilie wa mkabala. Nikampiga yule mama ntilie mara mbili, amesimama pale pale, mwanga ule ule, kwa lenzi zote mbili. Nikazichapa karatasi mbili, nikaandika kwa kalamu nyuma yake, nikakuwekea mezani.

"Ya kampuni ni ipi?"

"Hii," ukajibu kabla sijafunga mdomo. "Angalia kope. Angalia nyuzi za mtandio. Hiki ndicho kioo, Tatu. Hiyo nyingine ni uchafu."

Nikaigeuza karatasi. Nyuma niliandika: kambo.

Mgeni, aliyekuwa ameingia na sahani yake mkononi, akacheka mpaka wali ukampalia. "Kaka, mtoto wa kambo kakuita baba mbele za watu!"

"Umezibadilisha makusudi," ukaniambia. Hukucheka. Siku tatu hukuniita jina.

Sitaki kukusingizia, huyo mgeni alikupa na haki yako. Alisema ya kampuni inakamata uso haraka zaidi mtoto akikimbia. Alisema inaanzia milimita ishirini na nne na ya kambo inaanzia ishirini na nane, kwa hiyo kwenye chumba chembamba ya kampuni inaona mpaka kona, ila ya kambo inakubidi urudi nyuma uegemee ukuta. Alisema pia pete ya shingoni mwa hiyo ya kambo, ya kuvutia karibu, inazungushwa kinyume na ulivyozoea, wiki mbili utakosea. "Basi," akasema, "tofauti ni hizo. Ukuta na wiki mbili."

Alipoondoka nikakuambia, "Idrisa, tuegemee ukuta. Tuoane."

Ukasema sina macho.

Mwishowe ile ya kampuni ikaja. Unalikumbuka lile boksi? Ulinawa mikono kama mtu anayekwenda kuswali. Ukaitoa, ukaifunga kwenye mwili, ukaipiga picha feni yetu, na kweli feni haijawahi kupendeza vile. Nililia kwa furaha. Nilidhani naliona shela langu. Wiki ile ile mama yako akatuma salamu tuvuke twende Mbwera kwenye maulidi, na akaongeza, "Mwambieni mpiga picha mkubwa kanga nimeitunza, haijafuliwa."

"Kioo hiki hakivuki maji," ukasema.

"Tutakifunga kwenye nailoni."

"Chumvi haijui nailoni. Mama atakuja siku yoyote."

Hakuja. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba na kushuka kwenye mtumbwi akawa anabebwa. Ulilijua hilo. Kutoka Kibiti mpaka Nyamisati ni safari ya asubuhi, na kutoka hapo mpaka kwa mama yako ni vijito vya mikoko tu, watu wanavuka na vitanda, na mbuzi, na watoto wa siku tatu. Lenzi yako ilikuwa na mpira wa kuzuia maji kwenye shingo, ulinisomea mwenyewe kwenye karatasi yake, ukisema ndiyo maana ya bei. Ulilipa ili isiogope maji, kisha ukaiogopea.

Nikakuuliza harusi. Ukasema bado lenzi ile ndefu, ya sabini kwa mia mbili, ya kuvutia walio mbali, kwa sababu harusi yetu lazima ipigwe kwa vitu vya maana.

"Apige nani," nikakuuliza, "na wewe ndiye bwana harusi?"

Ukachukua kitambaa cha lenzi. Miaka mitatu, na hilo hukuwa umelifikiria. Mwanamume mwingine angecheka. Wewe ulinichukia kwa kukuonyesha. Ndipo uliposema kama nina haraka niende, maana mimi ni wa kushikizia tu, kama lenzi yangu niipendayo, na mke wa maana hutafutwa taratibu. Ulisema huku unaifuta lenzi kwa kitambaa laini, duara, duara, na sauti yako ilikuwa laini kama kitambaa. Nilifagia chumba, nikakunja pazia la bluu, nikaacha ufunguo juu ya meza. Hukuinua macho.

Sasa nikusimulie raha.

Nilinunua kamera ya mkono wa pili, nikaanza kuwapiga wanawake ndani, huko wanaume msikoingia. Bibi harusi akisingwa, akipakwa hina, akifungwa kanga na mashangazi zake, mpiga picha wa kiume anabaki nje ya mlango, shingo ndefu, anapiga migongo ya watu. Nimezikuta picha zako nyingi za migongo, Idrisa. Ni kali sana. Kila uzi wa kila mgongo unaonekana.

Selemani ni fundi wa mashine za boti pale Nyamisati. Nilimwona akiwa kiunoni ndani ya maji, anabishana na mashine kama anabembeleza mtoto. Ananukia petroli na sabuni ya mche, na mimi nikiisikia harufu hiyo mlangoni moyo wangu unaruka kama samaki kwenye ndoo. Aliponiposa akaniambia nitaje mahari, ni haki yangu, nisione haya.

"Lenzi," nikasema.

Hakucheka. Akaenda Dar, akauliza madukani, akarudi na bei zimeandikwa kwenye kiganja.

"Ya kampuni yenyewe nitaiweza mwakani, Mungu akipenda. Pengine mwisho wa mwakani."

"Na hiyo nyingine?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Basi hiyo nyingine."

Akanitazama. "Hutakuja kunilaumu?"

"Kwa lipi?"

"Kwa kona za chumba. Si ulisema haifiki kwenye kona?"

Nilikuwa nimemsimulia yote, mpaka kona. Nikamwambia kona za chumba hazina mtu, watu wapo katikati, na mimi nataka kuolewa kabla ya Ramadhani. Uamuzi uliokushinda wewe miaka mitatu tuliumaliza tukiwa tumesimama, yeye kashika spana.

Siku ya ndoa shehe alikuja mlangoni kwangu kuchukua idhini yangu, akasoma karatasi, akasimama.

"Mahari ni lenzi moja ya kamera. Lenzi ndiyo chombo gani?"

"Jicho la kamera, shehe," akajibu shangazi yangu kutoka nyuma ya pazia.

"Jicho tu? Kamera yenyewe?"

"Anayo, shehe. Ilikuwa haioni."

Wanawake wakapiga vigelegele hata kabla sijasema ndiyo. Imeandikwa kwenye cheti, Idrisa. Lenzi yangu ina cheti cha ndoa. Yako ina nini?

Bi Zainabu hakuweza kuja harusini, miguu ilikataa. Kwa hiyo fungate ilipokwisha, mwali akamfuata somo yake, kama inavyotakiwa. Tukavuka mimi na mume wangu kwenye boti lisilo na paa. Lenzi niliitia kwenye nailoni mbili, nikaizika ndani ya ndoo ya mchele niliomchukulia mama zawadi. Hivyo tu. Mchele ukanywa unyevu, na mama yako akaula ule mchele.

Tulimkuta kizingitini, kakaa kwenye kigoda. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Eti huyu ndiye aliyeambiwa wa kushikizia." Kumbe alijua. Sikumwambia mimi, jiulize nani. Kisha akamgeukia Selemani. "Na weye fundi, mashine hii ikigoma usiipige nyundo." Selemani akaona haya mpaka masikioni.

Akaingia ndani akishika ukuta, akatoka na ile doti ya kanga. Haijafuliwa. Aliitunza tangu ile siku ya soko, imekunjwa vile vile. Kipande kimoja akajitanda yeye. Kingine akasema ni cha mwali wake, akaniinamisha, akaanza kunifunga kichwani kwa mikono yake miwili. Nikamtupia Selemani kamera. Hajawahi kushika kamera maishani mwake. Nilishaiweka tayari, nikamwambia, "Bonyeza tu." Alirudi nyuma, akarudi, mpaka akaegemea ukuta wa jirani. Pete akaizungusha upande usio wake, akaizungusha tena. Akabonyeza mara moja.

"Tayari, Mama."

Mama yako akabaki na mikono yake hewani. "Tayari?"

"Tayari."

Nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Akaiangalia sana, pua karibu iguse. Kope zinahesabika, Idrisa. Akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kumbe ni rahisi hivi?"

Hakulitaja jina lako. Nilidhani unapaswa kujua hilo pia.

Habari za msiba wa mama yako zilipofika, ulitoka Dar moja kwa moja kwenye kazi, na begi lako. Mume wangu ndiye aliyewasha mashine ya boti la watu wa mazishi asubuhi ile pale Nyamisati. Alikuambia, "Kaka, panda, maji yanatoka, tukichelewa kijito hakipitiki." Ukauliza kama hakuna boti lenye paa. Akakujibu lipo, ila litasubiri maji yajae alasiri. Ukaliangalia begi lililo mapajani mwako. Ukasema utasubiri. Mwanamke mmoja alikunyooshea mikono alipakate yeye, ukakataa. Mama yako akazikwa adhuhuri, na aliyeingia kaburini kumpokea, mahali pa mwana wake wa kiume, alikuwa jirani. Uliingia Mbwera jioni, nguo kavu, begi kavu. Selemani aliniambia haya akiwa ameinamisha kichwa, kana kwamba aliyekosea ni yeye. Hakuwa anakusema. Mimi ndiye ninayekusema.

Sasa unataka picha. Unayo ile ya kitambulisho cha kupigia kura, uso wake umekuwa doa. Na ile ndefu nasikia umeipata; unazo lenzi mbili zilizozaliwa tumbo moja na kamera yako, na yule aliyekuzaa wewe hayumo hata ndani ya moja. Nilipopata ujumbe wako nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi ya pili ya harusi. Nilikaa na furaha hiyo siku nzima, nikamwambia Selemani sitakupa. Alikuwa ananawa mafuta mikononi. Akasema, "Ni mama yake, Tatu." Akaendelea kunawa. Ndiyo sababu ya kumpenda na ndiyo sababu pekee ya wewe kupata hiki unachokipata.

Nakupa. Imo ndani ya bahasha hii, nimeichapa kubwa, na nyuma nimeandika kwa kalamu lenzi iliyotumika, usije ukakosea tena. Nakala nyingine ipo ukutani kwetu sebuleni.

Nakujua, utataka abaki peke yake. Utaiingiza kwenye kompyuta, utatafuta pa kunikata. Nimeshakutafutia mimi, Idrisa, nimejaribu pande zote. Uso wake umeelekea kwa Selemani, anacheka, na mikono yake yote miwili iko kichwani kwangu, anafunga. Ukinikata mimi unaikata mikono ya mama yako. Hapana pa kupita kisu. Kila utakapotaka kumwona utaniona na mimi, nimeinama, nimeolewa, nimevaa nusu ya kanga aliyokuwekea wewe.

Kaa salama huko uliko, na vioo vyako visiote ukungu.

Ni mimi,
mwali wa mama yako